Chumba Walichokigomea Mbwa

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Mama Kioo ni nyayo zake. Ilikuwa siku yangu ya kwanza kazini. Nilikuwa nimetumwa kupeleka taulo katika chumba kimoja cha ghorofani, nikafungua mlango na kukuta nyayo mbili zimechomoza chini ya kitanda, ndani ya soksi za kijivu, moja imetoboka kidoleni.

"Shikamoo," niliziambia zile nyayo, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine wa kumwamkia.

"Marahaba," zikajibu. "Weka taulo kitini, halafu shuka huku chini."

Nilikuwa nimevaa shati jeupe nililolipiga pasi kwa bidii kubwa, na cheti changu cha chuo kilikuwa bado kinanukia wino. Hata hivyo nilishuka. Nilijilaza kifudifudi upande wa pili wa kitanda na kwa mara ya kwanza nikauona uso wake: uso mpana, wenye miwani iliyoning'inia kwenye uzi, na macho ya mtu anayetafuta kitu kilichopotea huku akiwa na hakika kwamba atakipata.

"Unaona nini?" akaniuliza.

"Miguu ya kiti. Na zulia."

"Tazama tena. Wewe sasa hivi si mtu wa mapokezi. Wewe ni mbwa, umetoka safari ndefu, umechoka, na una meno."

Nikatazama tena, safari hii kwa meno. Nikaona waya wa taa umelegea nyuma ya kabati. Nikaona pindo la pazia limegusa sakafu, linabembea kwa upepo, linaomba kuvutwa. Nikaona ganda la pipi limejibanza nyuma ya mguu wa kitanda, mahali ambapo mtu aliyesimama asingelifikia kwa macho hata kwa wiki nzima.

"Haya," alisema Mama Kioo akiinuka na kujipangusa magoti. "Sasa umeanza kazi."

Nyumba yetu ni ya wageni wanaokuja mapumziko pamoja na mbwa wao. Nasema hivyo mapema kwa sababu watu wengi wakisikia husema, "Aa, kwa hiyo mna banda nyuma." Hatuna banda. Mbwa analala chumbani na bwana wake, kwenye kitanda chake kilichoshonwa kwa kitambaa kilekile cha mapazia. Kila mlango una ndoano ya shaba ya kutundikia kamba ya mbwa, na kando ya kila bafu kuna bafu dogo, la chini, lenye bomba la kunyunyizia. Ukutani kuna picha ambazo mwenye nyumba alizichagua moja moja, na ole wako ukiinamisha moja kidogo tu wakati wa kufuta vumbi.

Mwenye nyumba tunamwita Madamu. Zamani alikuwa akipamba nyumba za watu. Siku moja alisafiri na mbwa wake mzee, akakataliwa kila hoteli, akaishia kulala ndani ya gari huku mbwa kamlalia mapajani. Asubuhi, shingo ikiwa imekakamaa, akaamua kwamba atajenga nyumba ambayo hakuna mtu atakayeulizwa "na huyo je?" mlangoni. Alijenga, na aliijenga vizuri. Mgeni anayekuja kwa mara ya kwanza husimama barazani akanong'ona, ingawa hakuna aliyemwambia anong'one.

Mama Kioo ndiye mkuu wa usafi. Jina hilo alikuja nalo kutoka kazi yake ya zamani katika ofisi ya bima, ambako alikuwa akipiga nta ukumbi mzima hadi meneja akawa anarekebisha tai yake kwa kutazama sakafuni. Madamu aliingia pale siku moja kukata bima ya nyumba akatoka na msafishaji. Nyumbani kwetu hata hivyo nta haikuwa na kazi: ghorofani ni mazulia matupu na chini ni mawe makavu. Kopo lake la nta na brashi yake ya mviringo vilikaa kwenye rafu ya chumba cha kufulia, na mara mojamoja nilimwona akilifungua lile kopo, akalinusa, akalifunga.

Ile tabia ya kutambaa alijifunza utotoni. Baba yake ni fundi saa. Skrubu ya saa ikidondoka, fundi hathubutu kusogeza hata mguu, kwa hiyo binti ndiye aliyekuwa akiingia chini ya meza, shavu likiwa sakafuni, kuitafuta.

"Wateja wa baba niliwajua kwa viatu," aliniambia siku moja tukikunja shuka. "Mtu akiinama kunisalimia nilikuwa nashtuka, kumbe ana na uso."

Huyo baba ndiye kiini cha habari hii. Tangu mke wake alipofariki, mzee hajalala nje ya nyumba yake hata usiku mmoja. Anaishi mji mwingine, peke yake na mbwa anayeitwa Jirani. Aliitwa hivyo kwa sababu alikuwa wa jirani. Alikuja siku moja akiwa mtoto, akalala chini ya meza ya saa, na jirani alipohama hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwondoa. Likizo ambazo watu wengine huzitumia kutembelea wazazi ndizo siku ambazo nyumba yetu hujaa hadi barazani, kwa hiyo Mama Kioo alikuwa akimwona baba yake kwa kuibia, anafika jioni, anaondoka kabla hawajamaliza mazungumzo. Na kuna neno moja la mzee lililokuwa likimkereketa. Wateja wakimuuliza binti yake anafanya kazi gani, alikuwa akijibu, "Anawatandikia mbwa vitanda," halafu duka zima linacheka. Alikuwa anatania. Lakini Mama Kioo alitaka aje aone.

Nafasi ilipatikana Madamu alipojenga chumba kipya chini, kinachofungukia bustanini. Madamu ana utaratibu wake: chumba kipya hakiuzwi mpaka mfanyakazi mmoja na jamaa zake wakilale kwanza, wamweleze ukweli. Chumba kilichotangulia alikilala mpishi na mama mkwe wake, na mama mkwe alisema godoro ni laini mno, alikesha usiku kucha anahisi anaanguka. Madamu akabadilisha godoro. Safari hii zamu ilikuwa ya Mama Kioo, na chumba hakikuwa na ngazi, jambo kubwa kwa baba yake mwenye magoti mabovu.

Alimpigia simu tukiwa chumba cha kufulia. Mikono yake ilikuwa na kazi, basi aliiweka simu juu ya meza ya pasi, sauti wazi, na sote tukasikia.

"Baba, chumba kiko chini. Hakuna hata ngazi moja."

"Na Jirani?"

"Jirani ana kitanda chake. Kimeshonwa kwa kitambaa kimoja na pazia."

"Pazia la nani?"

"La dirisha, baba."

"Mwanangu, mimi mwenyewe sijawahi kulala kitanda kinachofanana na pazia."

Mpishi, aliyekuwa amekuja kufuata vitambaa vya jikoni, alishindwa kujizuia.

"Nani anacheka hapo?"

"Ni mpishi, baba."

"Shikamoo, mzee," mpishi akaita. "Jirani wako nitampikia maini ya kuchemsha. Hayana chumvi, hayana kitunguu."

"Marahaba. Na mimi je, nitawekewa chumvi, au huko ni sheria moja kwa wote?"

Mama Kioo alicheka mpaka pasi ikataka kuunguza foronya. Kisha mzee akakohoa, na sauti yake ikabadilika.

"Sikiliza, mama. Nitakuja. Lakini Jirani akiukubali mlango, na mimi nimeukubali. Akiukataa, tunageuza siku hiyohiyo. Simlazimishi kiumbe kulala asipopapenda."

Basi Mama Kioo akalishusha lile kopo. Madamu alitaka chumba cha bustani kiwe na sakafu ya saruji nyeusi, tupu, bila zulia. "Sakafu yenyewe ndiyo pambo," alisema. Mama Kioo hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Alitambaa kwanza chumba kizima, akatoa misumari na vumbi la mbao. Halafu akaanza kupiga nta kutoka kona ya mbali akirudi nyuma kinyumenyume, zungusha, sugua, futa, hadi akatokea mlangoni. Mtu hakanyagi tena sakafu ya nta mpaka mgeni afike. Huo ndio mwiko wake tangu siku za ofisi ya bima. Tulisimama kizingitini tukatazama. Dirisha la bustani lilikuwa mara mbili, moja ukutani na jingine chini, na mti wa bustanini ulikuwa umesimama kwa kichwa.

"Mama Kioo," Madamu alisema kwa sauti ya chini, "umejishinda mwenyewe."

Kwa kuwa chumba kilikuwa tayari na mzee alikuwa bado anajiandaa, Madamu akataka tukijaribu. Daktari wa meno ni mgeni wetu wa kila mara, na mbwa wake ni jibwa jeusi linaloitwa Komando. Daktari akaingia chumbani akisifia. Komando akafika mlangoni, akatazama ndani, akakaa kitako.

"Komando, njoo."

Komando akatazama pembeni, kwa adabu ya mtu aliyeulizwa jambo asilotaka kulijibu.

Daktari akavuta kamba. Komando akajifanya mzito, kisha akalala. Mpishi aliletwa na maini. Mbwa akanyoosha shingo, akanyoosha ulimi, akanyoosha kila kitu kinachonyooka, lakini miguu ikabaki barazani. Mwishowe Madamu mwenyewe, na gauni lake la kitani, akaenda kujilaza katikati ya chumba akiita kwa sauti nyembamba ambayo sikuwahi kuisikia na sidhani nitaisikia tena. Komando akatoa mlio wa huruma. Nadhani alikuwa anamwonea huruma Madamu.

Tulidhani ni Komando tu, maana ukubwa wake wote haujawahi kumsaidia. Lakini siku iliyofuata alikuja mbwa wa mwalimu mmoja mstaafu, mdogo kama mfuko wa sukari, naye akagoma. Mwalimu akambeba akamweka kitandani. Hapo alikaa kwa raha, ila hakushuka. Ikabidi abebwe tena kutoka nje kama mgonjwa.

"Kuna kitu humo ndani," mpishi alisema. "Wanyama wanaona tusivyoviona."

"Kilichomo humo ni maneno yako," Mama Kioo akamjibu, lakini alikuwa na wasiwasi.

Alianza kutafuta. Alitoa ile picha kubwa ya ukutani, akidhani macho ya mtu aliyechorwa yanawatisha. Aliteremsha mapazia akayafua kwa sabuni isiyo na harufu. Aliondoa taa ya kusimama, akaondoa hata chungu cha maua. Na kila alipotoa kitu, miguu yake ilikuwa imeacha alama sakafuni, kwa hiyo alimaliza kwa kupiga nta upya, kinyumenyume hadi mlangoni, na sakafu ikazidi kuwaka. Na mbwa wakazidi kugoma. Wa mwisho hakufika hata mlangoni, aligeukia barazani.

Madamu si mtu wa kugomba. Alimwita Mama Kioo mapokezini, nami nilikuwepo.

"Dada yangu, hii ni nyumba ya mbwa. Siwezi kuwa na chumba ambacho mbwa haingii. Kama hadi Jumamosi hali ni hii, nitakifanya chumba cha kunywea kahawa."

"Na baba?"

"Mzee karibu sana, wakati wowote. Vyumba vya juu vipo."

Mama Kioo aliitikia kwa kichwa. Sote watatu tulijua yale magoti yasingepanda juu. Tulijua pia kwamba mtu aliyekaa miaka bila kutoka nyumbani akiambiwa "subiri kwanza" hashawishiki mara ya pili.

Jioni hiyo mzee alipiga simu mwenyewe. Mama Kioo aliiweka mezani kama kawaida, akaendelea kunyoosha foronya polepole, akitafuta namna ya kumwambia.

"Nimechelewa kukupigia," mzee alisema, "nilikuwa duka la dawa. Huyu Jirani ananiaibisha. Tangu wafanye ukarabati haingii tena. Zamani alikuwa anaingia hadi kwenye kaunta, anasalimia watu. Leo kakaa nje analia, ananitazama utasema naenda kuzama."

Pasi ilisimama.

"Ukarabati gani, baba?"

"Wameweka vigae vipya. Vinameremeta, hata mimi natembea kama bata. Unanisikia? Kwa nini unanyamaza?"

"Baba, nitakupigia."

Alichomoa pasi na kutoka, nami nikamfuata. Kwenye mlango wa chumba cha bustani alivua viatu, akasimama. Katika kazi zake zote, aliniambia baadaye, hakuwahi kutambaa juu ya sakafu yake mwenyewe baada ya kuimaliza. Kutambaa kulikuja kwanza, nta mwisho. Sakafu ile alikuwa ameitazama kutoka juu tu, akisimama kizingitini, akijipongeza.

Akapiga magoti. Akaweka viganja sakafuni. Akasogea hatua moja ya mbwa, kisha nyingine, na pale katikati akasimama kabisa.

"Mwanangu," akaniita. "Shuka."

Nilishuka. Sikuwa nimeelewa mpaka uso wangu ulipofika chini. Hapakuwa na sakafu. Palikuwa na shimo jeusi, refu, na ndani yake dirisha, na mawingu, na mti uliopinduka, na mimi mwenyewe nikijitazama kutoka kilindini na macho yamenitoka. Viganja vyangu vikateleza. Nilishika mguu wa kitanda.

"Umeona nini?" akauliza.

"Maji."

"Mimi nimemwona bibi kizee mwenye miwani anakuja kuniuma."

Akaanza kucheka. Alicheka akiwa amekaa pale sakafuni, miguu imenyooka, miwani imepanda kipajini, mpaka mpishi na Madamu wakaja kuona kulikoni. Aliwaambia wote wawili washuke. Madamu alishuka, akatazama, akasema neno ambalo sitaliandika, kisha akaomba apewe mkono wa kuinukia.

"Yaani muda wote huu," mpishi alisema, "mzimu tuliokuwa tunautafuta ni wewe na kopo lako."

"Ni mimi na kopo langu," Mama Kioo akakubali.

Kesho yake asubuhi nilimkuta na ndoo ya maji ya moto, sabuni ya unga na brashi ngumu. Nimemwona akisafisha mambo mengi katika nyumba ile, mengine mbwa hawapaswi kulaumiwa kwayo, lakini sijamwona akifanya kazi kwa uso ule. Alikuwa anaikwangua nta yake mwenyewe. Alianzia kwenye kona ya mbali, kinyumenyume, uleule mwendo wake, ila safari hii kila alipopita mng'aro ulizimika nyuma ya brashi. Nilimuuliza kama nimsaidie.

"Hapana," alisema. "Niliyeiwasha ni mimi. Niache niizime mwenyewe."

Ilipokauka, sakafu ilikuwa ya kijivu, imepoa, haionyeshi mtu wala mti. Madamu aliitazama kwa muda mrefu, kichwa upande. Nilijua jinsi alivyoipenda ile ya kwanza.

"Inafanana na mvua ikiwa mbali," alisema hatimaye. "Nimeipenda. Rudisheni picha."

"Basi na jina tubadilishe," mpishi akasema. "Mama Ukungu."

"Jaribu uone kama utapata taulo safi mwaka huu," Mama Kioo akamjibu.

Ijumaa Komando aliletwa tena. Tulijipanga barazani kimya. Alifika mlangoni, akasimama. Akainamisha kichwa, akanusa sakafu, akaweka mguu mmoja, akauondoa, akautazama mguu wenyewe. Kisha akaingia, akapita katikati ya chumba bila haraka, akapanda kitanda cha binadamu na kujinyoosha. Hakuna aliyemkemea. Daktari wa meno alipeana mikono na kila mtu, hata na mimi ambaye sikuwa nimefanya lolote.

Kwa hiyo Jumamosi imefika na chumba bado ni chumba. Mjomba wa Mama Kioo amejitolea kuwaleta mzee na Jirani kwa gari lake dogo la mizigo, kwa sababu Jirani hapandi basi. Wameondoka alfajiri. Wamepiga simu mara mbili njiani: mara ya kwanza mzee alisema Jirani ametapika, mara ya pili Jirani alikuwa hajambo na mzee ndiye aliyekuwa anajisikia vibaya. Maini yako jikoni, yamefunikwa. Mpishi ametenga pia chupa ya chumvi peke yake kwenye sinia, na amekataza mtu kuigusa.

Mama Kioo amevaa gauni la bluu ambalo hakuna kati yetu aliyewahi kuliona. Tangu asubuhi ameshatambaa chumba kile mara kadhaa nalo mwilini, na magotini limeanza kuchakaa. Madamu amemwambia aketi. Ameketi, ameinuka. Kinachomtia wasiwasi sasa si sakafu. Komando ni Komando. Jirani ni mbwa wa chini ya meza ya saa, na neno la mwisho ni lake.

Dakika hii naandika nikiwa mezani mapokezini, mlango uko wazi, naona hadi kwenye geti. Geti letu ni la bati, refu, halionyeshi barabara, ila chini yake kuna upenyo. Nimesikia gari linapunguza mwendo huko nje. Nikainua kichwa kumwita Mama Kioo, kumbe amenitangulia. Yuko pale getini, amepiga magoti kwenye kokoto na gauni lake la bluu, shavu limelala chini, nyayo zimeelekea kwangu.

"Unaona nini?" nimemuuliza kwa sauti.

Amenyoosha mkono nyuma kuninyamazisha. "Magurudumu," anasema. "Yamesimama. Ngoja. Mlango unafunguliwa. Naona kiatu cha baba."

Sasa tunangoja miguu mingine minne.